Tawi la Kazuma

Katika barabara itokayo bandarini kwenda kituo cha kurushia roketi, kusini mwa kisiwa, taa za kuongozea magari zimefungwa kwa bawaba, kama milango. Kabla roketi haijapita, mtu mmoja hutangulia na ufunguo mrefu, akaizungusha kila taa na kuielekeza pembeni, kwenye mashamba ya miwa, na huko taa huendelea kuwaka nyekundu na kijani mbele ya miwa isiyokuwa na safari yoyote. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Iwatsubo Masanori. Aliipenda kazi hiyo kiasi cha kuona haya kuisema. Ilikuwa kazi ya kutembea polepole tu, lakini alitembea mbele ya kitu ambacho watoto wa nchi nzima walikichora shuleni.

Asubuhi hiyo hakuipenda. Meli iliyoleta roketi mpya kutoka bara ilikuwa imezuiwa na bahari chafu, na msafara ambao kwa kawaida humalizika kabla ya alfajiri ukaondoka bandarini kumeshaanza kupambazuka, mvua ikinyesha. Haikuwa mvua ya radi. Ilikuwa ile ya mwezi wa sita, inayonyesha bila hasira wala haraka, hadi mikeka ya ndani ikaanza kunuka uvundo. Masanori aliizungusha taa ya kwanza, maji yakamwingia kwenye mkono wa koti mpaka kwapani, akainua uso na kutazama majani ya miti yalivyoinama. Moyo wake ulikuwa kwenye tawi moja tu, na tawi hilo lilikuwa nyumbani kwake.

Siku mwanawe Kazuma alipozaliwa, Masanori hakuwa na la kufanya. Wanawake walimfukuza chumbani, akazunguka nyumba mara kadhaa, mwishowe akavunja kijiti cha mkuyu, ule ambao watu wa kisiwani huuita ako, akakichomeka kando ya ukuta wa mawe unaopakana na barabara. Alifanya hivyo ili mikono ipate kazi. Kijiti kikashika. Mkuyu haujui mpaka ni nini. Uliukumbatia ukuta, ukaupanda, kisha ukanyoosha tawi moja nene juu ya barabara. Mtoto alipoanza kuning'inia kwenye tawi hilo, alirudi ndani kila jioni mikono imeganda utomvu mweupe, na mama yake Fumie alimkamata kiwiko, akamfuta kwa taulo lenye mafuta ya kupikia, kwa sababu utomvu wa mkuyu ukiusugua kwa maji unazidi kutapakaa.

Katika vijiji vya barabara hiyo miti haikukatwa kwa ajili ya roketi. Iliinuliwa. Kila nyumba iliyopakana na njia ilikuwa na mwanzi mrefu uliofungwa tambara nchani, na kontena lenye roketi lilipokaribia, wenye nyumba walitoka wakayainua matawi yao wenyewe, wakayashikilia juu mpaka mzigo upite, kisha wakawapa watembezaji, wale waliousindikiza mzigo kwa miguu, viazi vitamu vya kuchemsha na kuwatania kwamba hata konokono angewapita. Kazuma aliinua tawi lake tangu mwanzi ukiwa mzito kuliko yeye. Alipokua alisema anataka kujua kilichomo ndani ya kontena, akavuka kwenda bara kusomea uchomeleaji, akaajiriwa katika kiwanda kidogo kilichokuwa kikitengeneza matangi makubwa ya roketi. Fumie alimwambia kila mtu, na wale aliokwisha kuwaambia akawaambia tena.

Kisha kazi ya kuitengeneza roketi mpya ikachelewa. Kiwandani watu walilala palepale walipofanyia kazi. Katika simu Kazuma alisema amechoka, halafu akaanza kusema yu mzima, na wote wawili, baba na mama, walijua kwamba hilo la pili ndilo baya zaidi, lakini walijitia hamnazo. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, mwenzake wa bwenini alimkuta ameketi kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Moyo ulikuwa umesimama. Hakuwa amefika miaka thelathini.

Watu wa kiwanda walikuja wamevaa suti nyeusi, wakainama mpaka vipaji vya nyuso vikagusa mkeka. Mkubwa wao, mzee mwenye sauti ya upole, alisema kwamba mikono ya Kazuma ndiyo iliyolichomelea tangi la chini la roketi mpya, na kwamba kazi ya marehemu itafika mbinguni. Fumie alimshukuru. Masanori naye aliinama, akalimeza alilokuwa nalo kooni. Tangi la chini halifiki mbinguni. Huunguza mafuta yake, hujitenga, na huanguka baharini hata kabla watu wa ufukweni hawajamaliza kupiga makofi. Kila aliyefanya kazi karibu na roketi alilijua hilo. Lakini alimwona mkewe jinsi alivyolipokea neno la yule mzee kwa mikono miwili, akakosa moyo wa kumpokonya.

Tangu hapo nyumba ilipoa. Zamani waliitana Mama Kazuma na Baba Kazuma, kama wazazi wote wa pale wanavyoitana kwa majina ya watoto wao. Sasa jina lilikuwa limekuwa donda. Aliyetaka chumvi alikohoa kwanza. Roketi za aina ya zamani, ambazo bado zilikuwa zikirushwa, zilipopita, Fumie alifunga mbao za madirisha na kukaa ndani gizani, na Masanori akaliinua tawi pamoja na watembezaji wenzake, bila viazi na bila utani.

Wakati wa kuchipua kwa majani alikuja Shiihara, msimamizi wa kampuni ya usafirishaji, kijana wa bara mwenye adabu na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alieleza kwamba kontena la roketi mpya ni refu kwenda juu kuliko yote yaliyotangulia, kwa hiyo habari ya kuinua matawi imekwisha. Yatakatwa. Masanori alipewa msumeno, na kazi ya kukata matawi ya kijiji kizima. Alikata bila upendeleo, hata mkamelia wa bibi Enouchi, jirani yake, uliokuwa umejaa maua. Bibi huyo alisimama akimtazama, mikono nyuma, akamuuliza kama msumeno huo utakuwa na makali hivyohivyo ukifika kwake.

Jioni hiyo alimwambia Fumie kwamba tawi la mkuyu nalo litakatwa. Fumie alikuwa akimenya figili, na hakuacha kumenya.

"Mtoto wamemla," alisema. "Mti hawaupati."

Hakupaza sauti. Angepiga kelele, Masanori angejua la kujibu. Masanori alikwenda kulala mapema, akalala macho.

Siku chache baadaye, baada ya ukame wa majuma na upepo wa kaskazini uliokausha kila kitu na kulipandisha tawi kuliko alivyowahi kuliona, alitoa ufito wa kupimia, akauweka kwenye urefu wa kontena, akaupitisha chini ya tawi. Ulipita, ukabakisha nafasi ya kiganja. Alimpigia Shiihara simu, akamwambia kwamba pale kwake panapita, hapahitaji kukatwa. Hakuwa amesema uongo. Lakini mtu aliyeliinua tawi hilo kwa mikono yake, masika na kiangazi, alijua jinsi linavyoshuka likinywa maji. Mvua ikinyesha kutwa, majani yake hufika mahali ambapo siku ya jua hayakaribii. Alijua, na akaichagua siku ya jua. Hata Shiihara alipomwuliza kwenye simu kama ana hakika, alijibu kwamba ule mti ameuotesha mwenyewe.

Sasa mvua ilikuwa inanyesha, na kijiji chake kilikuwa mbele. Alizungusha taa ya mwisho kabla ya nyumbani. Nyuma yake trela lilikuja na magurudumu yake mengi, likipumua, kontena jeupe juu yake limejaa barabara nzima, watembezaji pande zote wakiwa wamevaa makoti ya njano. Mbao za madirisha ya nyumba yake zilikuwa zimefungwa. Aliunyoosha ufito, akatembea chini ya mkuyu, na ncha ikazama ndani ya majani mabichi ikajipinda.

Alisimama, akainua mkono. Nyuma yake kila kitu kikasimama.

Walijaribu mianzi kwanza. Watembezaji walikusanyika chini ya tawi, wakasukuma, matambara yakateleza kwenye gome lililolowa, tawi likapanda kidogo na kurudi. Bibi Enouchi alitoka kwake na mwanzi wake, ingawa hakuwa na mti tena wa kuuinulia, akaupachika kati ya mianzi ya vijana na kusukuma nao huku mvua ikimpiga usoni. Masanori angeshukuru kama angemtukana. Tawi lilikataa, na mianzi ilikuwa mifupi.

Shiihara alikuja kutoka nyuma, kofia ya plastiki ikitiririka maji. Alitazama tawi, akatazama kontena, kisha akamtazama Masanori.

"Mzee, uliniambia panapita."

"Siku ile palipita."

"Siku ile kulikuwa na jua." Alijifuta maji usoni. "Siwezi kuligeuza hili dude, Mzee. Siwezi kulirudisha bandarini. Linakatwa. Kama mkono ni mzito, nitamwambia mwingine."

"Mti ni wangu," alisema Masanori. "Nitakata mimi."

Lakini miguu haikuondoka. Kukata kungechukua muda mfupi. Kilichomshinda ni kuingia uani mwake kuchukua ngazi, apite mbele ya zile mbao zilizofungwa. Alijiona mjinga. Miezi yote hii alikuwa ameahirisha maumivu ya mtu mmoja, na sasa yatatokea mbele ya kijiji kizima, kwa msumeno wa kampuni. Alihisi aibu, na chini ya aibu hasira, na hakujua hasira hiyo ni ya nani.

Ubao mmoja ukasukumwa kutoka ndani. Baada ya muda mlango ukafunguka, Fumie akatoka na viatu vya mpira, taulo shingoni, bila mwavuli. Mkononi alikuwa na msumeno wa kukunja, ule wa bustani, ambao yeye mwenyewe aliunoa kila mwaka. Watembezaji wakampisha. Mmoja wao akashusha mwanzi wake taratibu kama mtu aliyekutwa akiiba. Fumie alikwenda mpaka mbele ya kontena, akasimama kati yake na mkuyu, mama mfupi mbele ya ukuta mweupe.

"Ni lile tangi?" aliuliza.

Shiihara hakuelewa. Masanori ndiye aliyejibu, "Ndilo."

"La chini?"

"La chini."

Alilitazama kontena kwa muda mrefu, juu, chini, kama anavyotazamwa mgeni aliyechelewa sana kufika. Shiihara akamtazama Masanori, halafu akausoma ubao wenye jina la ukoo langoni kana kwamba analiona jina hilo mara ya kwanza, na rangi ikamtoka. Kisa cha kijana wa kisiwa kilikuwa kimefika hadi kwao pia. Alivua kofia, mvua ikamnyeshea kichwani.

Fumie alimgeukia mumewe, akampa msumeno.

"Kata pale kwenye kifundo," alisema. "Usiuchane."

Masanori alipanda mtini. Alikata kutoka chini kwanza, kisha juu, kama inavyopaswa, na kila alipovuta msumeno alisikia mti ukitetemeka chini ya goti lake. Wenzake walilifunga tawi kamba, wakalipokea kwa mianzi, wakalishusha uani bila kulitupa. Kazi ilikwenda vizuri. Hilo nalo lilimuumiza. Hakuna aliyekumbuka kwamba mkuyu ukikatwa hulia, mpaka utomvu ulipoanza kudondoka kutoka kwenye kidonda, mzito, mweupe, ukiangukia kwenye pembe ya kontena, kwenye mstari wa buluu uliopita ubavuni, na kuteremka.

Shiihara alitoa kitambaa akamwita mtu. Kijana aliyekuja akasugua kwa kitambaa kilicholowa, na utomvu ukazidi kutapakaa.

"Acha, baba," alisema Fumie. "Hivyo hautoki."

Alikuwa amekwisha kuupanda ukuta wa mawe, magoti kwanza, kisha miguu, mkono mmoja kwenye shina. Kutoka pale aliufikia ule mstari wa buluu. Alimwambia mumewe, bila kugeuka, amletee mafuta ya kupikia, yapo kando ya jiko. Masanori aliingia jikoni na viatu vyake vya matope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akarudi na chupa. Fumie alidondoshea mafuta kwenye pembe ya taulo, akaanza kufuta.

Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa kontena lile. Shiihara alijua, watembezaji walijua, na dereva aliyekuwa akitazama kupitia kioo chake alijua. Shiihara aliwapa ishara wasogee nyuma. Fumie alifuta kwa vipande vidogo, akigeuza taulo kila mara kutafuta mahali safi, mkono wa kushoto ukiwa umetandazwa kwenye bati kana kwamba ameshika kiwiko kisimponyoke. Midomo yake ilikuwa ikienda. Masanori, aliyekuwa amesimama chini ameshika chupa, hakusikia alichosema, na hakujaribu kusikia. Bati liliporudi kuwa safi, Fumie alifuta tena mara moja mahali ambapo hapakuwa na kitu, akateremka.

"Haya," alimwambia Shiihara. "Pelekeni."

Trela likapumua, likasogea. Masanori alilazimika kutangulia, kulikuwa na taa nyingine mbele. Alipogeuka mara moja tu, alimwona bibi Enouchi amemshika Fumie mkono, na wote wawili wakitazama kontena linavyopita chini ya mahali ambapo hapakuwa na tawi tena.

Alirudi mchana, amelowa hadi mifupa. Shiihara alikuwa amemwambia kwamba watazungumza kesho, na alivyolisema neno kesho, Masanori aliona kwamba ufunguo wa taa utakuwa na mtu mwingine. Ajabu ni kwamba hilo halikumuuma kama alivyotarajia.

Fumie alikuwa ameketi ukumbini, tawi limelala uani mbele yake. Kidonda cha mti alikwisha kukipaka udongo. Kando yake palikuwa na sinia la viazi vitamu vilivyochemshwa, vingi, vya kutosha watembezaji wote, na hakuna aliyekuwapo wa kuvila. Masanori alikaa upande wa pili wa sinia. Maji yalimtoka kwenye nguo yakatengeneza doa mbaoni, na hakukemewa.

Alisema kwamba siku ile ya kupima, aliichagua siku ya jua kwa makusudi.

Fumie alisema anajua, alimwona kupitia ufa wa ubao.

Mvua ilinyesha. Masanori aliona kwamba akinyamaza sasa, hatasema tena mpaka mmoja wao azikwe. Akapiga moyo konde.

"Kuna jingine," alisema. "Lile tangi. Yule mzee wa kiwanda alisema litafika mbinguni. Halifiki. Linaanguka baharini, mapema tu. Nilijua siku ileile, nikashindwa kukwambia."

Hakumtazama. Alimsikia akichukua kiazi, akikimenya ganda kwa kucha.

"Kazuma alikwishaniambia," alisema Fumie. "Zamani, mwaka ule alioajiriwa. Alipiga simu anacheka. Akasema, Mama, wenzangu wa tangi la juu kazi yao haionekani tena, mimi yangu inaangukia huko kwetu kusini. Mimi kazi yangu ni ya kurudi nyumbani."

Masanori aligeuka, akamtazama.

"Nilidhani wewe ndiye uliyelishika neno la yule mzee," aliendelea. "Ulivyoinama siku ile, hukuinuka upesi. Nikasema, basi nimwachie neno hilo."

Tawi lililolala uani lilikuwa bado na majani mabichi, hayajajua kwamba limekatwa. Fumie alikigawa kiazi vipande viwili, akamsogezea kimoja juu ya sinia.

"Kula, Baba Kazuma. Vimepoa, lakini kula."

Alikula. Kilikuwa kitamu. Halafu aliinuka, akaenda chumba cha nyuma, kile kinachotazama kusini, ambacho mbao zake hazikuwa zimefunguliwa tangu msiba. Zilikuwa zimevimba kwa unyevu. Alizisukuma kwa bega mpaka zikaachia. Nje bahari ilipaswa kuonekana, lakini siku hiyo kulikuwa na mvua tu. Fumie alikuja akasimama mlangoni nyuma yake, taulo lenye madoa bado shingoni, na wakatazama upande huo.

"Tuziache wazi," alisema Fumie.